Baada ya Jasho: Mwongozo wa Kuurudisha Mwili Baada ya Mazoezi Makali

Wengi hujipanga vyema kwa ajili ya mazoezi, lakini hawajipangi hata kidogo kwa saa zinazofuata. Viatu vipo, kengele ya alfajiri imewekwa, kilomita zinahesabiwa. Mazoezi yakishakwisha, mtu anagida soda moja, anaoga haraka, anawahi daladala na kushinda kutwa kazini kwa chai na andazi. Kesho yake anaamka na miguu mizito, anajilazimisha tena. Wiki zinapita, kasi inashuka badala ya kupanda, naye anadhani dawa ni kuongeza mazoezi.

Mazoezi makali humaliza akiba ya mwili na kuumiza nyuzi ndogondogo za misuli. Nguvu unayoitafuta hujengwa baadaye, wakati umekula, umekunywa na umelala. Kazi hiyo ya kuvunjavunja chakula, kujaza akiba na kukarabati tishu ndiyo inayoitwa umetaboli, nayo ina ratiba. Kuna kinachorudi kwa dakika chache, kinachotaka siku nzima, na kinachotaka siku tatu au zaidi. Mwongozo huu unafuata ratiba hiyo, tangu unapomaliza hadi siku unayoweza kujituma tena.

Kwa mazoezi makali ninamaanisha yale yanayokufanya ushindwe kumaliza sentensi bila kuhema, au yanayozidi saa moja na nusu: mbio za kasi, nusu marathoni, mechi ya dakika 90, vyuma vizito, kupanda milima. Ukitembea nusu saa jioni, mlo wako wa kawaida unatosha.

Anza na swali moja: nitafanya tena lini?

Kabla hujafikiria cha kula wala cha kunywa, jiulize ni lini utahitaji nguvu hizo tena.

Kama una mazoezi mengine makali ndani ya saa nane, au mashindano ya siku mbili mfululizo, una haraka. Kula na kunywa kuanzie pale pale uwanjani.

Kama zamu yako ijayo ni kesho kutwa, huna haraka. Milo yako ya kawaida, ikiwa ya kutosha, itarudisha kila kitu kwa wakati. Usitishwe na mtu anayekuambia kwamba usipokunywa unga wa protini ndani ya nusu saa jasho lako limekwenda bure.

Dakika kumi za kwanza: usisimame ghafla

Ukimaliza kukimbia, endelea kutembea kwa dakika tano hadi kumi. Wakati wa mbio, misuli ya miguu husaidia kuisukuma damu irudi kwenye moyo. Ukisimama ghafla, damu hubaki miguuni, shinikizo hushuka, na unaweza kuona kizunguzungu au kuzimia.

Katika dakika hizo, akiba ya kwanza inarudi. Misuli ina nishati ya haraka inayoitwa kreatini fosfeti, ile inayotumika katika mruko mmoja au mbio za mita 50. Nusu yake hurudi kwa takriban sekunde 30, na karibu yote kwa dakika tatu hadi tano. Ndiyo maana anayenyanyua vyuma vizito hupumzika dakika kadhaa kati ya seti na seti. Akipumzika sekunde 30 tu, anaanza seti inayofuata akiwa na nusu ya akiba hiyo.

Utaendelea kuhema kwa muda. Mwanafiziolojia Mwingereza A. V. Hill, mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobeli ya Tiba ya mwaka 1922, aliliita jambo hili deni la oksijeni. Leo tunajua kwamba oksijeni hiyo ya ziada ina kazi nyingi: kurudisha kreatini fosfeti, kujaza oksijeni kwenye damu na misuli, na kuhudumia mwili ambao bado una joto, moyo unaodunda kwa kasi na homoni za msisimko zilizo juu.

Hapa pana ahadi moja ya kujihadhari nayo. Utasikia kwamba mazoezi fulani huendelea kuchoma mafuta kwa siku mbili ukiwa umekaa. Ni kweli mwili hutumia nishati ya ziada baadaye, lakini kwa kawaida ni asilimia 6 hadi 15 tu ya ile uliyotumia wakati wa mazoezi. Ukitumia kilokalori 600 kukimbia, ziada hiyo haizidi 90, nazo hazifiki ndizi moja kubwa iliyoiva. Usipange kupunguza uzito kwa kutegemea hesabu hiyo.

Asidi ya laktiki inasingiziwa

Kwa miaka mingi makocha wamefundisha kwamba maumivu ya kesho yake yanaletwa na asidi ya laktiki iliyoganda kwenye misuli, na kwamba lazima itolewe kwa kukandwa. Sivyo. Laktati huzalishwa misuli inapotumia sukari kwa kasi kubwa, nayo ni chanzo cha nishati. Moyo huitumia, misuli mingine huitumia, na ini huigeuza kuwa sukari tena. Profesa George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitumia miongo kadhaa kuonyesha jinsi inavyosafiri kutoka misuli iliyoizalisha kwenda inakohitajika.

Baada ya mazoezi makali, kiwango chake kwenye damu hurudi kuwa cha kawaida ndani ya takriban saa moja hata usipofanya lolote. Ukitembea au kukimbia polepole sana, hushuka haraka zaidi. Kwa hiyo maumivu yanapoanza kesho asubuhi, laktati ya jana ilishatumika zamani. Kukandwa kunaweza kukupa nafuu na kukuburudisha, nako si vibaya, ila hakutoi sumu yoyote.

Maji na chumvi: mizani ndiyo inayosema kweli

Jipime uzito kabla ya mazoezi, ukiwa na nguo chache na umeshakwenda haja ndogo. Jifute jasho na ujipime tena ukimaliza. Tofauti unayoiona karibu yote ni maji.

Chukua mfano wa mkimbiaji aliyekimbia kilomita 18 asubuhi ya joto jijini Dar es Salaam. Kabla alikuwa na kilo 60, baada ana 58.6. Amepoteza kilo 1.4. Kwa kila kilo iliyopotea, kunywa lita 1.25 hadi 1.5, kwa sababu sehemu ya maji hayo itatoka kwenye mkojo. Huyu anahitaji karibu lita mbili, kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa. Asiyanywe yote kwa mkupuo.

Jasho lina chumvi, na maji matupu hayairudishi. Mara nyingi chakula chenye chumvi kinatosha: supu, maharage, mayai, uji uliotiwa chumvi kidogo. Kama umepoteza maji mengi na huna hamu ya kula, tengeneza mchanganyiko ule wa kuzuia upungufu wa maji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Maji ya madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, ila yana chumvi kidogo kuliko jasho lako, kwa hiyo yanywe pamoja na chakula.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari. Wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu wa sodiamu. Wengi wa waliopungukiwa ni wale waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, acha maji kwanza.

Kama huna mizani, tazama mkojo. Ukiwa na rangi ya njano iliyofifia, uko sawa. Ukiwa wa njano nzito na kidogo, endelea kunywa.

Saa nne za kwanza: rudisha wanga

Sukari ya akiba huitwa glikojeni. Kwa mtu mzima, ini huhifadhi takriban gramu 100, na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hadi 500. Mazoezi makali ya saa moja na nusu hadi mbili yanaweza kuimaliza kwa kiasi kikubwa. Hapo ndipo miguu inapogoma hata kama moyo unataka kuendelea.

Ushahidi mzuri wa jinsi inavyorudi ulitoka Sweden mwaka 1966. Madaktari Jonas Bergström na Eric Hultman walijifanyia jaribio wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja akaikanyaga kwa mguu mmoja hadi mguu ukachoka kabisa, mguu wa pili ukiwa umepumzika. Kisha wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu na kuchukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulihifadhi glikojeni karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Damu ni ile ile na chakula ni kile kile, lakini misuli iliyotumika ndiyo iliyojaa kupita kiasi.

Misuli iliyotoka kazini hupokea sukari kwa urahisi hata insulini ikiwa kidogo. Kasi ya kuipokea ni kubwa zaidi katika saa moja au mbili za mwanzo, na ukichelewa kula kwa saa mbili, ujazaji katika saa hizo za kwanza hupungua. Hata hivyo, ukila vya kutosha siku nzima, tofauti hiyo hupotea kesho yake. Ndiyo sababu ya lile swali la mwanzo.

Kama una haraka, kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa, kwa muda wa saa nne. Kwa mtu wa kilo 60 ni karibu gramu 60 kwa saa. Ndizi mbivu mbili na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari vinafikia hapo. Bakuli kubwa la uji wa sukari na kipande cha kiazi kitamu pia vinafikia.

Kama huna haraka, hesabu siku nzima. Mwenye mazoezi ya wastani anahitaji gramu 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayefanya mazoezi magumu kila siku hufika 7 hadi 10. Gramu 100 za unga wa mahindi mkavu zina takriban gramu 75 za wanga, kwa hiyo sahani ya ugali iliyojaa inafanya kazi kubwa. Ujazaji kamili huchukua takriban saa 20 hadi 24.

Usiuonee haya ugali wako. Watafiti walipopima chakula cha wakimbiaji wa ngazi ya juu wa Kenya wakiwa kambini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao inatoka kwenye wanga. Chakula chenyewe kilikuwa ugali, wali, viazi, maharage, mboga za majani, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Walikuwa wakila mapema baada ya mazoezi, na chai ilikuwa sehemu ya kila siku. Hayo ni matumizi ya nyumba ya kawaida, na yamewatoshea watu wanaoshindana na dunia nzima.

Protini: igawe, usiirundike

Nyuzi za misuli zilizoumia hukarabatiwa kwa protini, na kazi hiyo huendelea kwa kasi kwa saa 24 hadi 48. Mwili haufaidiki sana ukikaa kutwa bila protini halafu usiku ukala nyama nusu kilo. Gawa: takriban gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito katika kila mlo, milo mitatu hadi minne kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni gramu 18 hadi 20. Kiasi hicho unakipata hivi:

- mayai matatu;
- kiganja kimoja cha dagaa wakavu, takriban gramu 30;
- kipande cha samaki au kuku kinachotosha kiganja;
- bakuli la maharage pamoja na glasi ya mtindi.

Asiyekula nyama asihofu. Mahindi na mchele yana upungufu wa laisini, moja ya viini vya protini, na kunde, choroko na maharage vinayo kwa wingi. Makande, au wali kwa maharage, hufunika upungufu huo katika sahani moja. Kabla hujatoa fedha kununua kopo la unga wa protini, hakikisha kwanza unakula hivi kwa siku saba mfululizo. Inaniuma kuona kijana anayeruka chakula cha mchana ili anunue kopo.

Kuhusu pombe: bia baada ya mechi huongeza mkojo, na pombe nyingi hupunguza kazi ya kujenga misuli hata ukiwa umekula protini. Ukitaka mwili urudi, jioni ya mazoezi makali iache.

Usiku: lala

Hakuna chakula wala kidonge kinachochukua nafasi ya usingizi. Homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku, na mtu mzima anahitaji saa saba hadi tisa. Anayeamka saa kumi alfajiri kukimbia na analala saa sita usiku anakopa mahali asipoweza kulipa. Akipunguza siku moja ya mazoezi kwa wiki na kuilala, atapata zaidi.

Mazoezi makali ya usiku huacha moyo na joto la mwili vikiwa juu, na usingizi huchelewa. Kama huna wakati mwingine, maliza angalau saa mbili kabla ya kulala, oga, kula mlo mwepesi wenye wanga na protini, na uzime simu. Ukipata nafasi mchana, lala dakika 20 hadi 30.

Siku ya pili na ya tatu: maumivu yenyewe

Maumivu ya misuli hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Chanzo kikuu ni kazi ambayo misuli hufanya ikivutika huku inajikaza, kama vile kushuka mlima, kushusha chuma polepole au kutua baada ya kuruka. Aliyekimbia Kilimanjaro Marathon mjini Moshi anaijua habari hii. Watu huogopa mlima wa kupanda Mweka, lakini kinachowafanya washuke ngazi kinyumenyume siku mbili baadaye ni ule mteremko wa kurudi mjini.

Misuli iliyoumia hivyo pia hujaza glikojeni polepole. Baada ya marathoni, akiba inaweza kubaki chini kwa siku kadhaa hata ukila vizuri. Kwa hiyo endelea na wanga wa kutosha kwa siku tatu au nne, tembea, endesha baiskeli taratibu au ogelea, na usijipime kasi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizimeze kabla ya mbio, wala mara tu baada ya mbio ukiwa bado umekaukiwa maji. Figo zimeshapungukiwa damu, na dawa hizi huziongezea mzigo.

Ukiwa umefunga

Katika Ramadhani, usifanye mazoezi makali mchana, kwa kuwa huna njia ya kurudisha maji hadi magharibi. Kuna nyakati mbili zinazofaa. Ya kwanza ni saa moja kabla ya futari, kwa mazoezi mepesi tu, ili ukimaliza ufuturu. Ya pili ni baada ya tarawehe, na hapo ndipo uweke yale magumu. Futuru kwa tende, maji na uji, kisha viazi au mihogo na samaki. Baada ya mazoezi kunywa maji kidogo kidogo, na daku lisikupite: wali au ugali kwa maharage, mayai au mtindi.

Usingoje, nenda hospitali

- Mkojo wa rangi ya kahawia au kama kola, misuli ikiwa imevimba na kuuma vibaya. Misuli inaweza kuwa imevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaziumiza figo.
- Kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo, au kuumwa kichwa kunakozidi baada ya mbio ndefu.
- Maumivu ya kifua, au kuzimia katikati ya mazoezi.

Anayetumia insulini ajue kwamba sukari yake inaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya mazoezi. Apime kabla ya kulala na azungumze na daktari wake kuhusu dozi. Mwenye selimundu, na hata aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu, aongeze ukali polepole, anywe maji na asimame mara misuli inapoishiwa nguvu ghafla.

Utajuaje umerudi?

Pima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla hujainuka kitandani, kwa dakika nzima, na uyaandike. Ndani ya wiki mbili utaijua kawaida yako. Siku yakizidi kawaida kwa mapigo saba au kumi, usingizi ukiwa mbovu na miguu mizito, fanya mazoezi mepesi au pumzika. Yakiwa kawaida, umelala vizuri na una hamu ya kula, nenda ukajitume.

Andika pia uzito wako wa asubuhi. Ukishuka wiki hadi wiki bila wewe kukusudia, huli vya kutosha kwa kazi unayofanya, na kupumzika peke yake hakutakusaidia. Ongeza chakula kwanza, halafu ndipo uongeze kilomita.